Kopo Lililotakiwa Kukaa Bila Maji

Irambona mjukuu wangu,

Uji uko kwenye chupa. Mbuzi nimemfunga nyuma ya choo, umhamishe jua likizidi.

Lile kopo la maharage la jaribio lako la shule, lililotakiwa kukaa bila maji, ni mimi niliyekuwa nalimwagilia. Karatasi uliyobandika juu yake, "Usimwagilie", niliisoma vizuri tu. Niliyaonea huruma. Nimelima mashamba ya watu toka Runazi hadi Ntobeye, na kila mara nikaondoka kabla ya kuona kilichoota. Haya niliyaona yakitoka.

Wewe hukufunua kopo kuchungulia, ukaandika kwenye ripoti kwamba hayakuota, kama kitabu kinavyosema. Mwalimu akalifunua kopo, akakupa sifuri mbele ya wenzako. Asubuhi hii ukaniambia, "Babu, si urudi tu huko ulikokuwa unatangatanga!" Mama yako akaendelea kufagia kama hakusikia. Hapo ndipo nilipoumia.

Mwalimu amekuruhusu kurudia ripoti. Kwenye sehemu ya makosa ya jaribio andika: babu alimwagilia. Usinifiche.

~~Jumapili nitarudi.~~ Siku ya kurudi utaniambia wewe. Simu sitaizima.

Babu yako