Karisa Ataka Kuiuza Sauti Yangu Iliyonaswa na Serikali

Mshauri mpendwa, salamu nyingi, nisaidie upesi, anayeandika ni mke wangu Kanze maana mimi kalamu siijui, lakini kwa hadithi, Msambweni hadi Ramisi hakuna wa kunifikia, na Kanze aache kucheka aandike. Tulipopata uhuru bwana wa habari wa Serikali alikuja na mashine ya kunasa sauti, nikamsimulia nilivyovutwa na papa kutoka Mkwiro hadi Shimoni mimi nimelala usingizi, kisha akaifungua ile mashine, haki ya Mungu mshauri, nikajisikia nasema na mdomo nimeufunga, hata nilipokohoa nayo ikakohoa, nywele zikanisimama, nikaizunguka nitafute nimeingilia wapi! Sasa Karisa mwenye duka Ukunda ameinasa hadithi ile kwa mashine yake ilipopigwa redioni, ataka kuitoa kwenye santuri za kuuza, akaniletea kadzama, kile kibuyu cha tembo cha kumwombea mzee ruhusa, nikanywa mbele ya wazee wenzangu Shutu na Menza, na kwetu ukishakunywa umekubali, kurudi nyuma ni aibu ya kuzikwa nayo. Juzi bwana wa habari akaniambia, "Mzee Nzai, sauti ile ni mali ya Serikali, haiuzwi bila idhini yake." Nikamwambia, "Kwani Serikali ndiyo iliyovutwa na papa?" Akacheka, lakini neno hakubadili. Karisa aenda Mombasa Ijumaa na utepe wake, zikatengenezwe santuri. Nikimzuia nimekula neno langu, nikinyamaza twashtakiwa sote. Nifanyeje?

Nzai, Msambweni

Shikamoo mzee wangu. Mimi nafanya kazi na mashine hizo kila siku na bado zanishangaza, kwa hivyo sikucheki. Lakini kwa tembo ulikosea! Mzee mzima, huulizi kabla ya kumeza? Hadithi ni yako, isimulie utakapo. Ile iliyonaswa ni ya Serikali, na kuipitisha redioni hakukumpa Karisa ruhusa ya kuiuza, wala wewe huna ruhusa hiyo ya kumpa.

Leo hii waite Shutu na Menza, mbele yao mwambie Karisa ulimkubalia hadithi, si kazi ya Serikali. Hapo neno lako hujalila. Akiitaka ile ile, aiandikie ofisi ya habari, aseme wazi ni santuri za biashara, na angoje jibu. Akiona watamchelewesha, alete mashine yake kwako usimulie upya, hiyo mtapatana wenyewe. Ijumaa akipanda gari na ule utepe, mshushe.