Mlima Mmoja, Mawe Mengi

Jumamosi, Karuba. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Shamba la Mama limechimbwa. Maharage yalikuwa yamebakiza majuma mawili tu kukomaa. Leo ilikuwa salongo, kazi yetu ya pamoja, na wanaume walipaswa kuziba mashimo ya barabara. Badala yake wakapanda mlimani na majembe kutafuta madini ya bati, wakachimba shambani kwa Mama, katikati ya mlima, ambako chini ya udongo ni jiwe tupu la granite.

Nilijaribu kuwaeleza. Mlima huu ulikuwa uji wa moto chini ya ardhi, ukapoa polepole. Madini yaliyoganda kwanza yalichukua chuma, na uji uliobaki ukawa mwingine. Kila kilichoganda kiliubadilisha tena. Bati halikupata nafasi humo, likabaki kwenye maji ya mwisho yaliyojipenyeza katika nyufa za pembeni. Nikasema ni kama fromaji, jibini yetu: maziwa yakishaganda, maji yanayobaki si maziwa tena. Hapa kila nyumba inatengeneza fromaji. Wanajua vizuri kabisa.

"Dada, mulima iko moja," akanijibu Papa Shukuru, kiongozi wa salongo. "Jiwe njo ile ile."

Nikamwita mjinga mbele ya watu. Ana umri wa baba yangu.

Nani basi aliwaletea habari ya bati?

Mimi. Mimi niliyesoma jeolojia. Mwezi uliopita niliokota jiwe jeusi, zito, lenye bati, kwenye mshipa mweupe wa mwamba kando ya kijito. Baada ya ibada, Mama akiwa ameshaondoka, nikalipitisha mkono kwa mkono, nikajigamba: "Hii bati imetoka mu mulima yetu." Sikusema kwamba mshipa wenyewe hauzidi upana wa kiganja. Nilitaka waone kuwa sikusoma bure. Papa Shukuru aliniamini tu.

Jioni nilimkuta Mama amepiga magoti kwenye tope, akiokota maganda mabichi ya maharage.

"Ule muntu alisema mulima yote iko na mali, Mungu amusamehe," akasema bila kuinua macho. "Miye bado siwezi."

Nikapiga magoti, nikaokota naye.

Nitamwambia Mama kesho asubuhi kwamba mtu huyo ni mimi, kabla hajafika kanisani na kuanza kumwombea.