Gari Lililovuta Moshi Wake

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Natumaini hamjambo, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likimsumbua wifi limeshatulia. Sisi huku sote ni wazima. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu na baba yumo ndani yake. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa huniachi nimalize, na leo lazima nimalize. Jina la Pilipili ulinipa wewe mwenyewe, basi vumilia muwasho.

Kaka, nimekasirika. Nimekasirika tangu siku ile ulipotuketisha sebuleni ukatangaza kwamba baba akili zimeanza kumtoka, kisha ukanyoosha mkono, ukachukua ufunguo wa gari lake mezani mbele ya watoto wako, ukautia mfukoni. Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa dirishani. Ukimuuliza anataka chai au maji, anasema mwulizeni mama yenu, yeye siku hizi hajui kitu.

Na ushahidi wako ulikuwa upi? Kwamba gari lilimzimikia kwenye makutano ya barabara, watu wakampigia honi, nawe ukasema amesahau kukanyaga klachi. Na kwamba alipojieleza, alisema gari linavuta moshi wake lenyewe. Hapo ndipo ulipocheka. Ukampigia shangazi ukamsimulia, ukawasimulia na wenzako kazini, kwamba mzee sasa anaona magari yanavuta moshi kama watu. Wewe, ambaye kazi yako ni kuuza magari.

Basi yule mnunuzi wa vyuma chakavu uliyemtuma alipofika, akaanza kulizunguka gari na kulipigapiga milango, nilimwambia arudi alikotoka. Nikamwita fundi jirani yetu, yule tunayemwita Redio kwa sababu mdomo wake hauzimwi. Mama akafungua sanduku lake la nguo akatoa ufunguo wa akiba. Kumbe alikuwa nao muda wote, anasubiri tu mtu mwenye hasira za kutosha.

Redio aliliwasha. Likatetemeka, likakohoa, likazima. Akikanyaga mafuta linatulia, akiachia linazima. Alibadilisha plagi, haikusaidia. Akasafisha chujio la hewa, wapi. Akaanza kusema kwamba injini imechoka, maneno yako hayohayo ulipoamua liuzwe chuma chakavu. Hapo nikamwomba baba atoke nje aeleze mwenyewe, na Redio, sijui alipatwa na nini, akanyamaza. Baba alieleza polepole kwamba gari likiwa mwendoni halina neno, likisimama ndipo linapaliwa. Akasema kuna bomba linalorudisha moshi kidogo ndani ya injini ili uchomwe tena, usitoke wote kuwachafulia watu hewa, na kwamba mlango wa bomba hilo ukikwama wazi, injini inapumua moshi wakati inataka hewa. Aliyasoma hayo zamani kwenye kitabu kilichokuja na gari.

Redio akakata kipande cha bati la kopo, akakibana kwenye maungio ya bomba hilo ili kuziba njia ya moshi, akawasha. Injini ikanguruma sawasawa, kaka, na mguu wa Redio ulikuwa mbali na mafuta. Baba alisimama ameweka kiganja juu ya boneti, kisha akasema, "Basi sikuwa nimechanganyikiwa."

Nililia kwa hasira. Yaani hata yeye mwenyewe alishaanza kuyaamini maneno yako.

Injini ilipopoa tuliifungua ile valvu, yaani ule mlango wa bomba la moshi. Boliti moja ilikuwa imeshikana kwa kutu, ikabidi Redio aimwagie mafuta na kuibembeleza. Ndani, masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa sufuria, na mlango ulikuwa haufungi. Tukapulizia dawa ya kusafishia kabureta, tukasugua kwa mswaki mkuukuu, tukapitisha waya kwenye tundu mpaka tukaona mwanga. Baba alitusimamia, akituonya dawa isiuguse mpira ulio juu ya valvu, maana ingeula. Mimi alinigombeza kwa kushika valvu kama kikombe cha chai. Nilifurahi kugombezwa. Redio akakata gasketi mpya ya karatasi ngumu ya kuziba maungio, akatoa lile bati, akafunga kila kitu. Gari likawaka na halikuzima tena.

Sasa kuna neno nililolificha mpaka hapa. Itazame bahasha, haina stempu. Aliyekukabidhi barua hii ameendesha gari mwenyewe kutoka hapa hadi mlangoni kwako, kupitia makutano yaleyale. Mimi nimebaki nyumbani makusudi usije ukasema niliendesha mimi, na mama, kama ujuavyo, hata baiskeli hajui. Usimuulize kama amechoka. Inua macho umwombe radhi, kisha waite watoto, na ule ufunguo umrudishie mkononi mbele yao, kama ulivyouchukua.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Salamu za mama atakupa mwenyewe. Yumo garini, ameapa hashuki mpaka aone ufunguo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na bado nina hasira,

Pilipili