Taja Majina, Mzee

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi ya ushuhuda. Kanisa letu hapa Kihonda lina waimbaji kibao ila fundi mitambo mmoja tu. Mimi, Mixa. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ile mashine ya sauti hakuna msomi anayethubutu kuigusa. Mchungaji mwenyewe akitaka maiki ananiomba kwa adabu.

Kila anayetaka kushuhudia Jumapili anapita kwangu kwanza. Nawafundisha kushika maiki, wasiilambe kama koni. Leo kaja mgeni, mzee mrefu aliyekata miwa huko Turiani miaka mingi, wote wanamwita Mzee Turiani. Kaokoka majuzi tu. Kaongea kama anasoma risiti: nilikunywa, nilimkosea mke wangu, Yesu kanisamehe. Basi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ni ushuhuda au uji wa mgonjwa? Taja majina. Taja mahali. Watu wajue Bwana kakutoa wapi."

Akaniuliza, "Kila kitu, mwanangu?"

Kila kitu, nikamwambia. Bingwa wa ushauri mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Karakana kutwa. Nimechomelea geti hadi mwenye nyumba kalipapasa kama ng'ombe wa mahari.

Washikaji wakaanza kujisifia baba zao. Nikawafunga midomo na wangu: alikufa kwenye moto wa mashamba ya miwa, akiwavuta wenzake watatu. Mwezi uliopita walikuwa wawili. Shujaa anaongezeka. Bibi ndiye alinisimulia. Mama naye alifariki nikiwa mdogo, Bibi mzaa mama akanilea kule milimani, juu ya Mlali. Nitamuuliza Mzee Turiani kama alimjua marehemu.

Jumapili, 16 Machi

Sijui naanzaje.

Mzee Turiani kasimama. Kashika maiki vizuri, kama nilivyomfundisha. Akataja majina.

Yeye ni Elia. Mke wake Mwajuma, wa juu ya Mlali. Mwajuma ni mama yangu. Mtoto wao, Idrisa. Idrisa ni mimi. Hapa kanisani wote wananijua kwa Mixa tu.

Akasema Mwajuma alishikwa uchungu wa mimba ya pili. Baiskeli ya kumshusha zahanati ilikuwa moja, na yeye alikuwa nayo kwenye klabu ya pombe. Ndugu wakambeba mama kwa machela. Machela ikapita mbele ya klabu. Aliiona. Alimsikia mkewe akilia. Akajificha nyuma ya mapipa. Mama akafa njiani, na mtoto tumboni. Yeye akakimbilia Turiani. Hata kuzika hakuzika.

Nikashusha sauti kwenye mashine. Sikuamua, mkono wenyewe. Maiki ikafa. Watu wakageuka kunitazama. Yeye hakugeuka. Akaendelea na koo lake tupu, kila mtu akasikia hadi mwisho.

Nimetoka mbio.

Baba hajafa. Baba siyo shujaa. Na mimi ndiye niliyemwambia ataje majina.

Jumatatu, 17 Machi

Nimechomelea bawaba upande ambao siyo. Bosi katukana. Nimeing'oa, nikaanza upya.

Nimempigia Bibi. Baba yuko hai? Bibi: "Nilimuua mimi, mjukuu wangu, kwa mdomo huu huu. Ulikuwa unalia unamtaka. Ningekupa nini? Nikakupa marehemu mzuri." Akasema amefunga Ramadhani, nisimkaushe koo. Akakata.

Mzee mmoja kanidanganya kwa kukimbia, mwingine kwa kunipenda. Dah.

Jumanne, 18 Machi

Mchungaji kaja karakana, kakaa juu ya debe. Amemweleza Elia mimi ni nani.

Anasema mzee haombi mtoto. Anajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, yeye hana la kudai. Anaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe kaburi la Mwajuma. Halina jina. Liko migombani, kwenye ardhi ya ukoo. Bila mtu wa kwetu kumpeleka, atakufa hajaliona.

Nikasema afe hajaliona.

Nilingoja kuhubiriwa. Wapi. Kasema, "Sikuombi umpende, Mixa. Hayo uliyoniambia mimi, kamwambie Mungu. Yaleyale. Usimpambie."

Alhamisi, 20 Machi

Nimeingia kanisani mchana, peke yangu, mitambo imezimwa. Sikumpambia. Nimemfokea Mungu mpaka mbwa wa jirani kaanza kubweka. Nikamwambia: wezi, matapeli, walevi, wote nimewaitikia amina huku nachekea moyoni. Walioumizwa walikuwa mama za watu. Huyu ni mama yangu. Unamsameheje mtu bila kuniuliza mimi?

Nimelia, kamasi hadi shingoni. Nikaishiwa.

Halafu wazo moja likaja na kukaa. Kile kilio cha mama, mimi sikijui. Yeye anakisikia hadi leo. Na bado alisimama mbele za watu akakisema, hata maiki ilipokufa. Sijui ni Mungu kaliweka hilo kichwani au ni uchovu. Hasira bado ninayo. Ila sitaki tena iwe ndiyo yenye usukani.

Nimemtumia Mchungaji ujumbe: Jumamosi. Aje na viatu vya kupandia mlima.

Jumamosi, 22 Machi

Pikipiki hadi Mlali, kisha miguu. Njia inateleza. Akawa anahema, nikapunguza mwendo. Nikajichukia kwa kupunguza.

Bibi alikuwa mlangoni. Kamwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. "Umezeeka vibaya."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atamfukuza. Kachukua jembe, katangulia yeye.

Pale migombani akasimama, akaonyesha kwa mpini. Elia kapiga magoti kwenye tope. Akang'oa magugu kwa mikono, taratibu, kama anamchana mtu nywele. Akataka kuomba. Mdomo wazi, sauti hakuna.

Nikaomba mimi. Sijawahi kuomba mbele ya mtu, kazi yangu ni nyaya. Nikasema, Bwana, huyu ni Elia. Siku ile alijificha. Leo amekuja. Mimi bado inaniuma, sikufichi. Mwachie. Na mimi nisaidie nimwachie.

Bibi nyuma yetu, katika kanga yake: "Amin."

Mvua ikashuka, kubwa, hakuna kurudi mjini. Jua lilipozama Bibi akafuturu. Akapakua sahani tatu. Ya Elia akaisukuma kwa mguu, lakini aliisukuma kwake.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamka, ukungu mpaka mlangoni. Yeye keshaamka, kakaa kwenye kinu kilicholazwa, anafunga kamba za viatu.

Nimemwamkia. Shikamoo imetoka. "Baba" bado.

Kaitikia marahaba, hakuinua uso. Kisha akaniuliza Bibi anachota wapi maji.

Nikachukua ndoo mbili. Nikampa moja, tukashuka mtoni.