Sauti ya Mwanamke Chumbani kwa Kaka Yako

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu nyingi, na kabla hujaendelea kusoma tafuta mahali ukae. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, wanao wanaendelea vizuri na shule, na lile jino lililokuwa likikunyima raha limeng'olewa au limekubali kunyamaza. Sisi huku ni wazima kwa kiasi. Hilo neno "kwa kiasi" ndilo lililonikalisha niandike, maana nikilianza jambo hili kwa simu utanikatiza kwa maswali, nami nitalisema vipande vipande.

Utakumbuka nilikupigia nikakuuliza kama kaka yako amekueleza lolote. Ulicheka, ukasema mwanamume akinyamaza ujue ana njaa. Nami nilicheka, lakini nilipokata simu nilisema moyoni: huyu anajua, na anamfichia ndugu yake, damu nzito kuliko maji. Usinikasirikie bado. Siku zile nilimshuku kila mtu, hata muuza magazeti aliyemsalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi.

Mambo yalianza na gari. Alilipeleka gereji akasema gia zinakwaruza, likakaa huko. Nilipokutana na fundi sokoni nikamuuliza ugonjwa wenyewe ni upi, akashangaa. Akasema gari ni zima, mwenyewe ndiye aliyetaka liegeshwe tu mpaka atakapolihitaji. Unamjua kaka yako na gari lake, mtu wa kulifuta vumbi kwa shati alilovaa. Mtu huyo huyo aliache gereji bila sababu?

Kisha akanipita barabarani. Nilikuwa natoka kazini, kwenye dirisha letu la malalamiko pale idara ya maji, ninakotukanwa kutwa kwa mabomba nisiyoyatoboa mimi. Akaja upande wangu wa njia, mbele ya duka la vifaa vya kuandikia. Nikampungia mkono. Akapita karibu kiasi cha kunigusa bega, macho mbele kama askari wa gwaride. Nilipomuuliza nyumbani akasema alikuwa na mawazo. Mawazo ya nani, hakusema.

Lakini kilichonitia hofu zaidi ni kwamba alianza kuwahi nyumbani. Mwanamume mwenye nyumba ndogo huchelewa, hilo hata watoto wanalijua. Wangu akawa anaingia jua bado lipo, anauliza kama nahitaji msaada jikoni. Nikasema huyu ana deni moyoni, analipa kwa kuosha sahani. Na hizo sahani anazigonga. Kikombe nikikiweka pembeni yake anakimwaga, kigoda ambacho hakijahama tangu tuhamie anajikwaa nacho. Nikaona mwili umerudi, akili imebaki kwa huyo wa nyumba ndogo.

Sasa nifike kwenye sauti. Kile chumba kidogo tulichokuwa tukiweka masanduku alikuwa amekigeuza ofisi, ili siku ambazo mitambo ya kiwanda chao cha uchapaji inapiga kelele, asahihishie nyumbani vile vitabu vya shule kabla havijachapwa. Zamani mlango ulikuwa wazi, ananisomea makosa ya waandishi tunacheka. Akaanza kuufunga. Alasiri moja nilikuwa naanua nguo uani, dirisha lake likiwa wazi kidogo, nikasikia mwanamke. Anaongea Kiswahili safi, haraka, bila kuvuta pumzi, bila kucheka. Na kaka yako kimya, anasikiliza. Wifi, tangu anioe hajawahi kunisikiliza muda wote ule bila kunikatiza. Hilo liliniuma kuliko sauti yenyewe. Nikajongea na shuka zangu mikononi mpaka chini ya dirisha, nikanasa sentensi moja tu.

"Je, una uhakika unataka kuondoka?"

Nilikaa chini palepale, juu ya shuka safi.

Alipotoka nikamuuliza alikuwa anaongea na nani. Akajibu kwamba hakuongea na mtu. Na kweli hakuongea, alisikiliza tu. Nikaona sasa amejifunza kudanganya kwa maneno ya kweli.

Baada ya hapo niliomba ruhusa kazini nikamfuata. Usinicheke. Aliingia kwenye jengo la ghorofa lenye mafundi cherehani chini na ofisi nyingi juu, nami nikajibanza duka la viatu lililo mkabala, nikajaribisha viatu mpaka muuzaji akanuna. Kaka yako akatokea kwenye ngazi za nje amemshika mwanamke kiwiko. Mwanamke mwenyewe si kijana, amevaa koti la buluu, anaongea huku anatazama mbele. Wakashuka. Wakapanda tena. Wakashuka. Nikajiuliza haya ni mapenzi gani ya kupanda na kushuka ngazi kweupe, mbele ya watu. Nilinunua viatu visivyonienea ili nitoke pale na heshima yangu.

Ofisini kwetu kuna fundi wa kompyuta tunayemwita Nyaya. Nilimwendea nikamwambia rafiki yangu mmoja angependa kujua mumewe anafanya nini kwenye kompyuta. Nyaya aliniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. Akauliza kama nyumbani kwa huyo rafiki kuna wifi. Nikamjibu wifi yuko mbali, na hata angekuwepo asingesema kitu. Basi hapo akajua rafiki ni nani.

Alinieleza kwamba kompyuta huja na uwezo mwingi ambao haujawashwa, kwa sababu si kila mtu anauhitaji. Anayehitaji huingia kwenye Mipangilio, akafungua Mfumo, akashuka mpaka mahali palipoandikwa Vipengele vya Hiari. Pale ataona vilivyokwisha kuongezwa, na akibonyeza Ongeza ataona vinavyongoja kuombwa, achague anachotaka, kompyuta ikivute mtandaoni. Akasema mtu asihangaike na picha na ujumbe, hivyo hufutwa. Aangalie mwenye kompyuta ameongeza nini, maana huko hakuna anayekumbuka kuficha. Kisha akaniambia taratibu kwamba yeye angekuwa ni mimi, angemuuliza mume. Nikamwambia nitamfikishia rafiki yangu.

Jumamosi kaka yako alikwenda kiwandani kwa miguu kurudisha kazi. Niliingia kile chumba nikaiwasha kompyuta. Nywila hakubadili, jambo ambalo badala ya kunituliza lilinitia shaka mpya: anajiamini nini? Nikafuata njia ya Nyaya. Nilitegemea kukuta kitu cha kupigiana simu za siri. Nikakuta sauti ya kike ya Kiswahili, ya kusomea maandishi. Chini yake kitu cha kutambua maneno yaliyo ndani ya picha. Na chini kabisa, nukta nundu, yale maandishi ya vitone ambayo wasioona husoma kwa vidole, na pembeni imeandikwa kwamba imeshindikana, jaribu tena.

Niliisoma kama mtu anayesoma barua ya jirani. Sikuelewa ni ya kwangu. Nikatafuta ile sauti nikaiwasha. Kompyuta inamwita Msimulizi. Akaanza, haraka, bila kuvuta pumzi: Mipangilio, vipengele vya hiari, kitufe, rudi. Alikuwa ni yeye. Mwanamke wa dirishani. Nikajaribu kumzima, na kabla hajazimika akaniuliza kama nina uhakika nataka kuondoka.

Hapo ndipo kikombe, kigoda, gari, na mkono niliompungia barabarani vikaja vyote kwa pamoja.

Sikumsikia akiingia. Alisimama mlangoni, amekamata fremu, akauliza, "Umeshamsikia?" Nikamwambia nimemsikia, na kwamba nilidhani ni mke mwenzangu. Kaka yako alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu kicheko kikageuka, na nikamwona analia kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yenu.

Alinieleza yote akiwa amekaa sakafuni. Macho yake yalianza kumkataa wakati wa magharibi, ndiyo maana akawa anawahi nyumbani. Kisha pembe zikafunga. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: kilicho mbele anakipata, cha pembeni hakipo. Daktari amesema hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea, na hajui hilo bomba litaendelea kubana kwa kasi gani. Yule mwanamke wa koti la buluu ni mwalimu wa kliniki ya macho iliyo ghorofani pale, anamfundisha kutembea kwa kushika kiwiko cha mwenzake. Nilipomuuliza kwa nini hakutumia spika za masikioni nisisikie sauti ile, alisema akizivaa hanisikii nikikaribia, naye aliogopa nimkute ameweka pua kwenye kioo. Alitaka kwanza ajifunze kusahihisha vitabu kwa masikio, ili siku ya kutuambia, mimi na kiwanda, aseme macho yanakwenda lakini kazi anaiweza.

Sikuwa mpole, wifi, sitakudanganya. Nilimkasirikia kuliko ambavyo ningemkasirikia kwa mwanamke. Nilimwambia amepofuka peke yake nyuma ya ukuta mmoja, huku mimi nikitega masikio dirishani na kununua viatu vya kubana. Akasema alikuwa ananilinda. Nikamwambia nilindwe kidogo, niambiwe zaidi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama naweza kumsaidia pale kwenye nukta nundu, kwa sababu amekwama. Kile kisanduku cha kuwekea alama kiko pembeni kabisa, kila akikitafuta anakipoteza.

Nikavuta kiti. Tukabonyeza Ongeza, nikatafuta, nikaweka alama, tukaingoja kompyuta ivute. Ikagoma tena. Nikampigia Nyaya, akasema niizime niiwashe kisha nijaribu, na hakuuliza habari za rafiki. Safari hii ilikubali. Kaka yako akamfanya Msimulizi asome mara mbili kwamba imewekwa. Tangu hapo anajifunza vitone kwa kidole, kwenye kifaa cha kliniki kinachochomekwa kwenye kompyuta, polepole, na akikosea ananuna kama mwanafunzi.

Sasa wifi, yote hayo ningeweza kukueleza ukija. Lililonilazimisha kuandika ni hili. Daktari amesema ugonjwa huu ni wa kurithi, na ndugu wa tumbo moja wapimwe, hata wale wanaojiona wazima. Kaka yako kila akishika simu akwambie, anaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Juzi ameniomba nikuambie mimi.

Na kuna jingine, ambalo alilisema kwa taabu. Marehemu baba yenu mlimwita Maringo, nyinyi pamoja na mtaa mzima, kwa sababu alikuwa anawapita watu njiani bila salamu na jua likizama hatoki nje. Najua siku ya harusi yako ulimnyooshea mkono mbele ya wakwe, akapita moja kwa moja akaenda kukaa. Najua hukumsamehe, na kwamba hata mazishini ulisimama nyuma. Kaka yako amemweleza daktari habari za mzee, daktari akasema ni karibu hakika. Mkono ulikuwa chini ya pale macho yake yalipofika, wifi. Hakukunyima. Hakuuona, na hakutaka mtu ajue kwamba haoni.

Nimekuombea nafasi kliniki Alhamisi ya juma lijalo, asubuhi. Kama tarehe haikufai nitaibadili, lakini usiniambie utakuja ukipata muda. Safiri mchana. Mimi mwenyewe nitakuja kukupokea.

Barua hii nimeichapa kwenye kompyuta ya kaka yako, na Msimulizi amemsomea yote, pamoja na sehemu za aibu yangu. Alipofika kwenye mke mwenza, kaka yako alimrudisha nyuma asikie tena. Pale kwa baba alitoka akakaa uani. Ndipo nami nikaongeza haya machache.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, na mwambie yule wa mwisho kwamba mke wa mjomba wake huku ana viatu vipya vya kumpa mtu mwenye miguu midogo. Ukifika, kaka yako atakuwa mlangoni. Usimnyooshee mkono ukasubiri. Mwite kwanza, kisha umshike.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mke wa kaka yako