Lori la Barafu Lilipofika Kilwa

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, mama. Sisi wazima, alhamdulillahi, na shangazi yako Salma amejifungua mtoto wa kiume.

Unaniuliza kama mvunje kikundi chenu cha kushona, kwa kuwa mashine mpya ya kudarizi imewachukulia wateja. Nimemkumbuka marehemu dada yangu, Somoe.

Enzi za usichana wetu tulikaanga samaki. Mzee Hamisi alituletea kuni, na vijana wa baiskeli walipeleka samaki kuuza Kikole. Kisha likaja lori la barafu kutoka Dar, likanunua samaki wote wabichi. Sote tukakosa kazi kwa pamoja. Wenzetu walimtukana dereva. Somoe alimwendea akamsalimu.

"Kaka, barafu inafika salama?"

"Wapi, dada! Nusu inayeyuka njiani."

Somoe akawaambia vijana wa baiskeli walete pumba za mpunga kutoka Kikole. Hamisi akagonga masanduku ya mbao. Sisi tukaosha samaki, tukawapanga kwenye barafu na kuizungushia pumba ili isiyeyuke upesi.

Safari iliyofuata dereva alishuka akicheka. "Samaki wamefika na barafu yao!" Tangu hapo hakupakia bila sisi. Vijana wawili wa baiskeli hawakungoja, walikuwa wameshahamia Rutamba kulima.

Namhusudu dada yangu mpaka leo. Mimi siku ile nilikuwa miongoni mwa waliotukana.

Mwenye mashine hiyo, umeshaongea naye?

Mungu awafungulie njia.

Bibi yako,
Mwanaidi