Mpira wa Shingoni

4 Machi

Binti yangu,

Hujambo huko ugenini? Mimi sijambo, ya kusema tu. Mwandiko huu mbovu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala tangu kiharusi kiliponiangusha mnadani, nikinadi kabati. Nasikia yote, naelewa yote, ila sauti hakuna. Hapa hospitali wamenitoboa shingo wakaweka mpira wa kupumulia. Dalali bila sauti; cheka kidogo. Jana nilijaribu kuuchomoa, sasa mkono huu nao wanaufunga kitandani kwa bendeji. Wameufungua niandike tu. Waambie wautoe mpira huu.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,

Waendeleaje? Mimi mzima wa mwili. Ningekuja, lakini pasipoti yangu kaifungia mwajiri mpaka mkataba uishe. Nimeongea na nesi wako kwa simu. Anasema kwanza umeze bila kupaliwa, ukohoe mwenyewe makohozi yatoke, kisha watauziba mpira waone kama unapumua kwa pua na mdomo. Ukiuchomoa kabla ya hapo unaweza kukosa hewa. Nimemwahidi kwamba hutaugusa, ili wakufungue mkono. Usiniangushe, Baba.

Binti yako

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Salamu zimefika, na mkono wameufungua. Nameza uji kijiko kwa kijiko. Lakini walipouziba mpira nilijiona nimefungiwa sandukuni. Nikapiga kitanda mpaka nesi akauzibua. "Bado, mzee," akasema. "Kikohozi chako hakina nguvu." Nikageukia ukuta. Sasa mkono uko huru na mpira uko karibu. Unajua ninachowaza.

Baba yako

28 Aprili

Shikamoo Baba,

Hali yako? Mbona kimya? Wodini hawapokei simu. Nafua nguo za watu huku nawaza ile sentensi yako ya mwisho. Andika hata neno moja.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa mawazo. Sikuugusa. Homa ya mapafu ndiyo iliyoninyamazisha. Nilipopona wakaanza upya: wakauziba kidogo kidogo, kisha mchana kutwa, kisha na usiku. Jumatatu daktari akaniambia nikohoe, nikakohoa. Akauchomoa, akafunika tundu kwa bendeji.

Nikaazima simu ya nesi. Ukapokea. Nikaita, "Mwanangu." Ukasema, "Wewe mhuni, usinipigie tena," ukakata.

Sikulaumu. Sauti hii inayokwaruza hata mimi siijui. Nitapiga kila Ijumaa jioni; barua hii ikikufikia utajua ni mimi. Usikate. Nivumilie nimalize kutamka.

Baba yako